Mtoto Hatulii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kumpa Kazi za Nyumbani

Ukurasa huu ni wa mama, baba, bibi na dada wa kazi anayeshinda na mtoto wa kati ya miezi 18 na miaka minne, yule ambaye ukigeuka kuonja chumvi tu, ukirudi ameshapanda juu ya meza. Maswali ni yale wazazi wanayoniuliza mlangoni pa chekechea wanapokuja kuchukua watoto. Majibu mengine ni ya darasani, mengine ya jikoni kwangu hapa Dar es Salaam. Sikuyapanga kwa umuhimu. Soma unalolihitaji, ila lile la maji na lile la punje usiyaruke.

Nimemnunulia midoli ya kutosha, lakini anafuata sufuria zangu. Kwa nini?

Kwa sababu sufuria ndiyo unayoishika wewe. Hakuna mtu mzima hapo nyumbani anayekaa saa nzima na gari la plastiki, na mtoto ameliona hilo mapema kuliko unavyodhani. Anataka kuwa pale mambo yanapofanyika. Ukimtoa jikoni na kumkabidhi mdoli, yeye amesikia neno moja tu: toka.

Halafu kuna suala la mwili wenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka mitano unataka mtoto wa mwaka mmoja hadi minne aushughulishe mwili angalau dakika 180 kila siku, zikigawanywa kutwa nzima. Hizo ni saa tatu. Kijijini huenda akazimaliza kabla ya saa nne asubuhi kwa kufukuza kuku. Mjini geti limefungwa, nje bodaboda zinapita, sebule imejaa makochi. Asipopewa pa kuzimalizia, ataning'inia kwenye pazia.

Kazi ya nyumbani inambebesha, inamwinamisha, inamchuchumalisha, inamtuma huku na huku. Bado anahitaji kutoka nje akimbie, hilo halina mbadala. Lakini kazi inapunguza nguvu zile na papo hapo inampa nafasi kando yako, na hiyo nafasi ndiyo aliyokuwa anaipigania tangu asubuhi.

Aanze akiwa na umri gani?

Akishaweza kutembea na kitu mkononi bila kuanguka. Kwa wengi ni karibu miezi 18.

Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello, watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya na watoto 24 wa umri huo. Jaribio mojawapo lilikuwa hivi: mtu mzima ambaye si mzazi wa mtoto anaanika nguo, kibanio kinamponyoka, anakinyooshea mkono na hakifikii. Hamwombi mtoto, wala hamwonyeshi pipi. Watoto 22 kati ya 24 walisaidia angalau mara moja katika majaribio hayo. Bibi yeyote anayeanika nguo uani na mjukuu yuko pembeni angewaambia hayo bila maabara, lakini ni vizuri yameandikwa, maana kuna wazazi wanaoamini kwamba kusaidia ni tabia ya kufundishwa kwa fimbo baadaye. Hamu anakuja nayo. Sisi ndio tunaoizima kwa "ondoka hapo, utaharibu".

Umri unaamua ukubwa wa kazi tu. Wa mwaka na nusu mpe hatua moja: chukua hiki, mpelekee baba. Wa miaka miwili na nusu anaweza mbili: okota soksi, tia kwenye tenga. Wa mitatu na kuendelea mwachie kazi ndogo nzima aimalize mwenyewe, kama kupanga viatu vyote vya mlangoni jozi kwa jozi.

Kazi gani hasa? Nipe mifano ya kwetu, si ya nyumba zenye mashine ya kuosha vyombo.

Anza na kapu la sokoni. Likifika, usilipange wewe. Liweke chini, weka boksi la viazi huku na tenga la vitunguu kule, kaa kwenye kigoda utazame. Kiazi kimoja kimoja kinasafiri. Nyanya zitoe kwanza, kwa sababu atataka kujua ndani kuna nini. Nazi ataisukuma kwa mguu hadi jikoni, na hakuna ubaya, nazi haivunjiki kwa hilo.

Mboga za majani zina kazi nyingi kuliko tunavyozifikiria. Matembele yananyofolewa majani kwenye vikonyo vyake, na hiyo ni kazi ya vidole vidogo kabisa. Mchicha unaoshwa kwenye beseni. Mahindi mabichi yanavuliwa maganda na kutolewa ndevu; hindi moja linaweza kumshika mtoto kuliko katuni. Yai lililochemshwa, likishapoa, anamenya mwenyewe na nusu yake ataila akiwa hapohapo. Siku ya chapati mkatie donge lake. Litageuka rangi, litaanguka chini, litarudi kibaoni. Hilo si la kuwapikia wageni. Lipike peke yake, umpe ale chapati yake.

Kwenye nguo, ninayoipenda kuliko zote ni khanga. Kukunja khanga kunataka watu wawili, kwa hiyo msaada wake ni wa kweli. Mpe pembe mbili, wewe shika mbili, mwambie "vuta!" Atavuta mpaka akae chini kitako. Anasimama, mnanyoosha tena, halafu anakuja mbio na pembe zake juu, anakukabidhi, anainama kudaka mkunjo uliobaki chini, anarudi kinyumenyume hadi agonge ukuta. Doti ni khanga mbili, kwa hiyo mchezo unarudiwa. Mtoto aliyekunja doti tatu namna hiyo ameinama, amevuta na amekimbia, na kabati lako lina khanga zilizokunjwa, japo upande mmoja umezidi. Mbali na khanga kuna soksi za kutafutia wenzake, vibanio vya kukusanya kwenye kopo, na nguo za kuanua kama utamfungia kamba fupi inayolingana na kimo chake.

Uani, fagio la chelewa lililochakaa ndilo lake: likate liwe fupi, likaze kamba. Mwonyeshe eneo, kwa mfano chini ya mwembe tu, maana ukimwambia "fagia" bila mpaka atafagia vumbi kuingiza ndani. Kuku wanarushiwa pumba, naye anarusha vizuri kuliko anavyokula. Akimaliza anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu kuku hubeba vimelea vya kuharisha hata akionekana mzima.

Na siku amezidi, amekuwa kama upepo, mpe kitu kizito. Si kazi ya vidole. Aburute kapu lenye viazi kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, abebe chupa za maji moja moja kuzipeleka jikoni, asukume ndoo tupu zilizopandana. Darasani nikiona kelele zimepanda nawahamishisha viti. Huwa wanarudi kwenye mkeka wametulia wenyewe.

Na kuchambua mchele na maharage? Ndiyo kazi za kukaa, zingefaa.

Hapa nasita. Mchele kwenye ungo, ukiwa umekaa naye bega kwa bega, sawa kwa wa miaka mitatu na zaidi. Atamwaga kidogo, utaokota. Maharage, karanga, punje za mahindi makavu na njegere ni habari nyingine. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anajua dunia kwa mdomo, na akimaliza mdomo anajaribu pua. Haragwe kavu likiingia puani linanyonya unyevu na kuvimba, kulitoa ni kazi ya daktari. Karanga ikikosea njia na kwenda kwenye pafu ni balaa kubwa zaidi. Tena maharage mekundu yakiliwa mabichi yana sumu ambayo huondoka kwa kuchemka sawasawa, na machache tu yanatosha kumtapisha na kumharisha.

Kwa hiyo mtoto mdogo apewe vitu vikubwa kuliko kinywa chake: viazi, vitunguu, magunzi, maganda. Akipaliwa na hatoi sauti wala kikohozi, mwinamishe, mpige kwa kiganja mgongoni kati ya mabega mara tano, na mtu mwingine awe tayari anatafuta usafiri. Ukienda kliniki mwombe muuguzi akuonyeshe kwa vitendo hatua zinazofuata, dakika tano hazikosekani.

Anapenda maji kupita kiasi. Niyatumie au nimkataze?

Yatumie, lakini kwa sheria moja isiyovunjwa: mtoto akiwa na maji, wewe upo, macho yako yapo, simu haipo. Maji ya kina cha sentimita tano yanatosha kumzamisha mtoto mdogo. Kichwa chake ni kizito ukikilinganisha na mwili wake mdogo, akiinamia ndoo anatumbukia, na mikono yake haina nguvu ya kujitoa. Wala hapigi kelele. Nyumba zetu zimejaa ndoo na madumu kwa sababu bomba halitoki kila siku, na hapo ndipo hatari ilipo, si baharini. Ndoo zote za akiba ziwe na mfuniko wa kukaza, pipa la bafuni lifunikwe, kisima cha uani kiwe na kufuli.

Ukishafanya hayo, maji ndiyo kazi bora kuliko zote. Chukua karai pana, si ndoo. Tia maji vikombe vitatu au vinne, weka soksi zake mwenyewe, mpe mche wa sabuni uliokwisha, kile kipande chembamba. Sabuni ya unga weka mbali, ikiingia machoni mchezo umekufa. Atafikicha, atakamua, atapeleka soksi kwenye kamba zikichuruzika hadi kwenye viwiko. Watoto wengi wasiokaa dakika mbili kwenye kochi wanakaa robo saa hapo. Maji yanayobaki yakamwagiwe mchaichai au yaende chooni, na kuyapeleka kwa kopo, safari baada ya safari, ni kazi nyingine kabisa ambayo hukuilipia chochote.

Baada ya hapo deki sakafu. Ukimpa tambara ataona kudeki ni sehemu ya pili ya raha, na dimbwi halibaki la kumtelezesha bibi.

Jikoni kuna moto. Nimruhusu vipi?

Chora mpaka. Kwangu ni mstari wa chaki sakafuni, hatua kubwa mbili kutoka kwenye jiko lenye moto; kazi yake iko upande wa pili na kigoda chake kiko huko. Mstari unafanya kazi vizuri kuliko kelele kwa sababu anauona. Jiko la mkaa ni la hatari zaidi kwa kuwa liko chini, usawa wa mikono yake, na hubaki na moto muda mrefu baada ya chakula kuiva. Vishikio vya sufuria vigeuzwe ndani. Mbuzi ya nazi ikunjwe iwekwe juu, meno yake hayachagui. Visu vivyo hivyo, isipokuwa kile butu cha kupakia siagi, ambacho kinatosha kukata ndizi mbivu.

Akiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, mvue nguo isipokuwa imegandia, kisha mpeleke. Dawa ya meno, asali, yai na mafuta ya kupikia havisaidii, vinamuongezea tabu yeye na muuguzi atakayevisafisha.

Na jambo ambalo halina majadiliano: mafuta ya taa na dawa za kusafishia chooni visihifadhiwe kwenye chupa za soda au maji. Mtoto uliyemzoesha kubeba chupa hawezi kujua ipi ni ipi. Akishakunywa usimtapishe, usimpe maziwa kwa ushauri wa jirani. Beba na chupa yenyewe, mkimbize hospitali.

Kusema kweli ananichelewesha. Nikifanya mwenyewe namaliza mapema.

Ni kweli, atakuchelewesha. Anayekuambia mtoto wa miaka miwili anaokoa muda hajawahi kupika naye. Kinachookolewa ni ule muda ambao ungeutumia kumshusha mezani, kumtoa chooni, kumnyang'anya simu na kumbembeleza anapolia. Ukijumlisha, hasara si kubwa hivyo.

Chagua kazi moja ya asubuhi na moja ya jioni za kufanya naye, nyingine zote fanya kwa kasi yako. Siku unawahi daladala saa kumi na moja alfajiri si siku ya kumfundisha kukanda unga, wala usijisikie vibaya kwa hilo.

Anaanza vizuri, baada ya dakika tatu ameacha.

Dakika tatu kwa mtoto wa miaka miwili ni kazi. Usimlazimishe kumaliza, ila kuna ujanja: mpe kazi ambayo mwisho wake unaonekana. "Saidia kufagia" haina mwisho. "Soksi hizi sita ziende kwenye tenga" ina mwisho, anauona ukikaribia. Pia usiweke vitu vyote mbele yake. Mletee vichache, akimaliza aombe vingine.

Wengine wanaacha kwa sababu wamegundua kazi si ya kweli. Mama amempa kitambaa akisema "futa meza", akageuka akaifuta tena yeye, mbele yake. Mtoto si mjinga. Kama ni lazima urudie, subiri alale.

Kila kitu anamwaga. Unga, maji, chai.

Mpe kidogo. Kikombe kimoja cha unga kikimwagika ni kikombe kimoja, hata bei ya unga ikipanda. Weka sinia chini ya kila kitu anachokimimina; kinachomwagika kinabaki kwenye sinia na kinarudi. Chagua chombo chenye mkono, kopo la plastiki lisilo refu, wala usijaze.

Akimwaga, sauti iwe ileile ya kawaida: "Tambara liko wapi? Lete." Kufuta ndiyo kazi inayofuata, si adhabu. Ila akianza kumwaga kwa makusudi huku anakutazama usoni, kazi ya leo imeisha. Ondoa chombo bila hotuba.

Nimpe zawadi akisaidia? Biskuti, au shilingi mia ya dukani?

Hapana. Warneken na Tomasello walirudi tena mwaka 2008 na watoto wa miezi 20. Waliopewa zawadi kwa kusaidia, baadaye walisaidia kidogo kuliko wale ambao hawakupewa chochote. Zawadi iligeuza msaada kuwa biashara, na biashara ikiisha muuzaji anafunga duka.

"Ahsante, meza imekuwa safi" inatosha. Makofi na vigelegele vya nyumba nzima kwa kijiko kimoja kilichopelekwa jikoni navyo ni vingi mno. Kesho atasubiri hadhira.

Ni mtoto wa kiume. Bibi yake anasema namlea kike.

Mwamkie bibi, msikilize, halafu muulize kwa upole pilau ya harusi ya mwisho aliyokula ilipikwa na nani. Huku pwani sufuria zile kubwa za shughuli mara nyingi ziko mikononi mwa wanaume. Chipsi, mishikaki, supu ya asubuhi, vingi mnauziwa na wanaume. Hakuna aliyewahi kuwaambia wamelelewa kike.

Kama bado hakubali, mpe mjukuu kazi ya kumhudumia bibi mwenyewe: amletee kandambili zake, ambebee mkoba, amkunjie mkeka. Sijaona bibi aliyekataa hiyo.

Nashinda kazini, mtoto anabaki na dada. Dada anaona ni usumbufu, anamwashia katuni.

Mwelewe kwanza. Dada ana nguo za kufua, chakula cha mchana na nyumba ya kudeki, na jioni utaulizia hivyo, si furaha ya mtoto. Akiongezewa mtoto anayemwaga maji, na lawama ni zake, atachagua katuni. Wewe pia ungechagua.

Kwa hiyo kaa naye mkubaliane. Mwambie wazi kwamba sakafu yenye unga saa tano asubuhi haina kesi. Punguza kazi moja kwenye siku yake, kwa mfano upigaji pasi uhamie Jumamosi. Chagueni pamoja kazi mbili ambazo mtoto atafanya naye, zile ambazo dada mwenyewe anaona haziudhi. Yeye ndiye anayemjua mtoto kati ya saa mbili na saa kumi. Ukirudi umuulize mbele ya mtoto: "Leo msaidizi wako amefanya nini?" Hiyo inawafaa wote wawili.

Kuhusu katuni, mwongozo uleule wa 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Saa hiyo moja iwekeni wakati dada yuko kwenye moto. Ndipo ina faida.

Tunaishi chumba na sebule, uani tunachangia na wapangaji wengine.

Nafasi si tatizo kubwa kama vitu. Weka ndoano moja ukutani kwenye kimo chake: fagio lake, tambara lake, kopo lake. Asubuhi anatandika kitanda na wewe, kila mmoja upande wake. Viatu vya mlangoni ni vyake. Mito ya makochi anaishusha ufagie chini yake, kisha anairudisha, na hapo ameshapata kazi nzito bila kutoka ndani.

Uani waombe majirani radhi mapema kwa maji. Halafu waambie wasimtume dukani, maana wakishaona anatumika, watamtuma.

Nasikia watu wanazungumzia Montessori. Ninunue vile vifaa vya mbao?

Si lazima. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyebuni mbinu ya kufundisha watoto inayobeba jina lake, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi maskini. Watoto wale walifagia, walinawa, walipakua chakula, kwa vifaa vya kweli vilivyolingana na kimo chao. Sasa tunauziwa fagio dogo la mbao kwa bei ya mafagio mengi ya chelewa. Kopo, karai, kigoda na fagio lililokatwa vinatosha. Cha muhimu kiwe kinafanya kazi: fagio la mdoli lisilokusanya taka linamkasirisha.

Mtoto mwingine amezaliwa, na huyu sasa ndiyo amechachamaa.

Mfanye mletaji. Nepi, khanga ya kumfunikia, pamba, vyote viwe kwenye kikapu cha chini anachokifikia. Kumbeba mtoto mchanga akiwa amekaa katikati ya kitanda, na mkono wako chini, ndiyo. Kumbeba akitembea, hapana. Usitumie kazi kumfukuza chumbani kila unaponyonyesha. Akiona kila ukitoa ziwa yeye anatumwa kikombe, ataelewa vibaya, na ataelewa haraka.

Hii si kumtumikisha mtoto?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa, na inakataza kazi za kinyonyaji. Mtoto wa miaka miwili anayekunja khanga na mama yake hayuko huko. Kipimo changu ni rahisi: akiacha, kuna kitakachoharibika? Kama chakula hakitaiva au maji hayatakuwepo asipofanya yeye, hiyo imekuwa ajira na umemzidishia.

Nitajuaje kama utundu huu ni wa kawaida au ana tatizo?

Kuruka, kupanda na kutosikia mara ya kwanza ni umri. Madaktari kwa kawaida hawana haraka ya kumpa mtoto wa chini ya miaka minne jina la tatizo la umakini. Kinachostahili safari ya hospitali ni kingine: hageuki ukimwita jina, amefika miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au halali kabisa. Wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, wa mitatu na minne saa 10 hadi 13, ule wa mchana ukiwemo. Mara nyingi mtoto anayeitwa mtundu jioni ni mtoto aliyenyimwa usingizi wa mchana.

Wageni wakija anataka kubeba chai.

Chai beba wewe. Yeye apite kwanza na shikamoo, kisha arudi na sahani ya plastiki yenye visheti, vichache, aizungushe kwa kila mgeni. Vikianguka kuna vingine jikoni. Viatu vya wageni navyo ni vyake kuvipanga mlangoni, ila wanapoaga hakikisha wewe mwenyewe, kwa sababu kuna kimoja atakuwa amekipeleka chumbani.